Chanja, vibarua na faida: kwa mnaoanza kazi ya mipango

Wadogo zangu mnaotoka chuo na kuajiriwa na wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza, hesabu mtakayoihitaji zaidi mlifundishwa kidato cha nne: ile ya kuchora mistari kwenye grafu, kisha kujaribu kila pembe kuona ipi ina faida kubwa (linear programming). Haikuzaliwa darasani. Mwanahisabati Leonid Kantorovich aliichapisha mwaka 1939 baada ya watu wa plaiwudi kule Umoja wa Kisovieti kumwomba awagawie kazi kwenye mashine zao. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akaleta njia ya kuikokotoa hata vitu vikiwa vingi, na leo Excel inakufanyia.

Tuchukue mfano wa kambi ya kuanika, tuseme Igombe. Kwa siku unaweza kupata ndoo 120 za dagaa wabichi. Chanja, yaani zile meza za kuanikia zilizoinuliwa, zinatosha ndoo 60, na vibarua wote kwa pamoja wana saa 160. Ndoo ya chanja, ya dagaa wa kula, inataka saa 2 na kuacha faida ya shilingi 5,000. Ndoo ya dagaa wa kuku, inayoanikwa kwenye neti chini, inataka saa 1 na kuacha 2,000. Jibu ni ndoo 60 za chanja na 40 za kuku, faida 380,000. Ndoo 20 unaziacha mwaloni.

Sasa uliza pale kambini kinachobana ni nini. Watakwambia chanja, na bosi ataita fundi. Lakini nafasi moja zaidi ya chanja inakula saa 2 zinazotoka kwa dagaa wa kuku, kwa hiyo unapata 5,000 na kupoteza 4,000. Saa moja ya kibarua inaongeza 2,000. Ukimlipa 1,000 kwa saa bado unabaki na nusu, mpaka saa zifike 180 na zile ndoo 20 ziishe. Baada ya hapo saa ya ziada haina thamani hata shilingi. Thamani hiyo ya kitu kinachobana ndiyo ya kuitafuta kila mara, maana 60 na 40 zitabadilika saa au chanja zikibadilika.

Ila hizo saa 2 umezitoa wapi? Hazimo kwenye daftari la bosi. Nenda kasimame na akina mama wanaoanika, tena siku yenye wingu. Likitanda ziwani, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia kuanua. Wa neti unakunja neti basi. Wa chanja wanazolewa chanja moja moja, halafu jua likirudi wanatandazwa upya. Tuseme ndoo ya chanja sasa inakula saa 3. Mpango wa 60 na 40 ungetaka saa 220, ambazo huna. Mpango bora unageuka kabisa: 20 za chanja, 100 za kuku, faida 300,000. Kwa hiyo msimu wa mvua uwe na karatasi mbili, ya jua na ya wingu, na uamuzi ufanyike alfajiri kabla ya kununua.

Jambo jingine, muulize bosi anataka nini hasa kabla hujagusa kompyuta. Faida ya dagaa waliotoka kwa mali kauli ni namba tu mpaka mteja alipe, na wavuvi wanataka chao asubuhi hiyo hiyo. Kama fedha taslimu ndiyo inayobana, iandike kama sharti, sawa na chanja.

Na bosi atakuja na masharti yake ambayo hayapo kwenye grafu yoyote. Atasema mteja fulani wa zamani lazima apate ndoo 50 za dagaa wa kuku kila siku. Usibishane naye. Hesabu: chanja zinashuka hadi 55, faida inakuwa 375,000. Mwambie kumtunza mteja yule kunagharimu 5,000 kwa siku, umwachie aamue. Mara nyingi ataona ni rahisi, na mimi humuunga mkono, kwa sababu mteja wa namna hiyo ndiye anayeendelea kununua soko la Kirumba likifurika dagaa na wengine wote wakisubiri bei ianguke.