Unataka kujifunza wevuleti? Anza na namba nne

Msomaji ameniandikia akilalamika kwamba kila kitabu cha wevuleti (vijiwimbi vifupi vya kuchambulia data kama sauti na picha) anachofungua kinamshinda kabla hajamaliza sura ya kwanza. Hana upungufu wowote wa akili. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea integrali za Fourier, yaani hesabu ya kuvunja ishara kuwa mawimbi, na yeye bado.

Maandishi mengi huanza na wevuleti endelevu, zile za watafiti Morlet na Grossmann wa Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hizo zinadai integrali na namba changamano tangu mlangoni. Wewe anza na mwanahisabati Alfréd Haar, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1910, kwa kuwa wevuleti yake haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa na kugawa.

Chukua karatasi uandike 9, 7, 3, 5. Tafuta wastani wa kila jozi: 8 na 4. Kisha nusu ya tofauti, namba ya kwanza ukitoa ya pili: 1 na −1. Rudia kwa wastani ulioupata: 6, na nusu ya tofauti ni 2. Sasa una 6, 2, 1, −1. Rudi nyuma: 6+2 ni 8, 6−2 ni 4, 8+1 ni 9, 8−1 ni 7, na kadhalika, mpaka namba zako zote zirudi. Kisha futa zile mbili ndogo za mwisho, uweke sifuri, urudi tena: utapata 8, 8, 4, 4. Hapo umebana data kwa mkono wako, na wazo hilohilo la kupuuza tofauti ndogo ndilo linalotumika kwenye JPEG 2000, mfumo wa kuhifadhi picha.

Usiruke zoezi hili. Nasisitiza kwa sababu wengi hulidharau, kisha wanakwama kwenye alama ambazo zingewaingia mara moja.

Ukifungua lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya wevuleti, PyWavelets, ukampa pywt.wavedec namba hizohizo na 'haar', atakujibu 12, 4, 1.414, −1.414. Hajakosea. Yeye hugawa kwa kipeuo cha pili cha 2, si kwa 2, ili jumla ya miraba ya namba ibaki ileile: 164 kabla, 164 baada. Kila ukikuta maandishi mawili yanayopingana, kagua kwanza kigawo hiki.

Hesabu ya kujiandaa nayo ni aljebra ya mstari: vekta, matriksi, besi (vekta za msingi zinazojenga nyingine zote), na maana ya vekta mbili kuwa na pembe mraba kati yao. Mihadhara ya Gilbert Strang wa MIT ipo bure mtandaoni na inatosha kabisa. Kisha jifunze vichujio, yaani orodha fupi za namba: cha masafa ya juu hushika mabadiliko ya haraka, cha masafa ya chini hushika ya polepole; na konvolusheni, yaani kukisogeza kichujio juu ya data huku ukizidisha na kujumlisha. Fourier ije baada ya hapo.

Ndipo umfuate mwanahisabati Ingrid Daubechies. Kichujio chake cha namba nne, cha mwaka 1988, jaribu upande wake wa tofauti: −0.1294, −0.2241, 0.8365, −0.4830. Zidisha na 1, 2, 3, 4 moja kwa moja, ujumlishe. Unapata sifuri, ukiacha makosa ya kukadiria desimali. Haar angekuachia tofauti kwenye mstari huohuo ulionyooka. Daubechies anaufuta wote. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini watu walihangaika kutafuta wevuleti nyingine.

Jihadhari na majina: kichujio hichohicho PyWavelets hukiita db2, na kwingine kinaitwa D4. db4 ya PyWavelets ina namba nane.

Tatizo jingine ni kingo. Ukimpa db4 namba 16, hatua moja inarudisha namba 11 za wastani na 11 za tofauti badala ya 8 na 8, kwa sababu data imerefushwa mwanzoni na mwishoni ili kichujio kisikose cha kuzidisha. Ukihitaji 8, weka mode='periodization', inayoichukulia data kama duara, ila data ambayo mwanzo wake haulingani na mwisho itakuletea tofauti kubwa za uongo kingoni.

Kitabu cha Daubechies cha 1992 na kile cha Stéphane Mallat cha 1998 ni hazina, lakini viache rafuni mpaka uweze kuandika programu ya Haar bila maktaba. Ukivifungua wakati huo, anza na sehemu zinazoeleza uchambuzi wa viwango vingi: ni ule wastani wa wastani uliofanya kwenye karatasi, safari hii ukiwa na uthibitisho.