Swali la lugha: Shampeni "ya zamani" au ya mavuno ya mwaka mmoja?

SWALI: Ninatafsiri makala kuhusu Clos du Mesnil, shampeni ya kampuni ya Krug ya Ufaransa. Nimeandika kwamba ni "shampeni ya zamani na adimu inayotokana na bustani moja ya zabibu". Mhariri amekataa "ya zamani" na "bustani" bila kunipa mbadala. Tena lebo ina maneno "blanc de blancs", na "nyeupe ya nyeupe" haileti maana. Niandikeje?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, na nitaanza na "ya zamani", kwa kuwa hapo ndipo maana inapopotoka kabisa. Shampeni nyingi huchanganywa kutokana na divai za miaka mbalimbali ili ladha isibadilikebadilike, na ndiyo maana chupa zake haziandikwi mwaka. Hii yako zabibu zake zote zimechumwa katika msimu mmoja, na mwaka unaousoma kwenye chupa ni mwaka wa kuvuna, wala si wa kuuza: ile ya kwanza ilikuwa ya mavuno ya 1979, lakini iliingia sokoni 1986. Neno tunalolihitaji, basi, ni "mavuno", ambalo kila mkulima analo. Andika "shampeni ya mavuno ya 1979" au, pasipotajwa mwaka, "shampeni ya mavuno ya mwaka mmoja". "Ya zamani" hueleza umri tu, na hata shampeni ya kuchanganywa ikikaa ghalani miaka thelathini itakuwa ya zamani.

Kuhusu "bustani ya zabibu", tunda ni zabibu na mti ni mzabibu, kama embe na mwembe, na shamba hutajwa kwa mti wake: shamba la minazi, shamba la mikarafuu, shamba la mizabibu. Lakini hapa pana neno ambalo ningesikitika kuona umelipita. "Clos" kwa Kifaransa ni shamba lililozungushiwa ukuta, na shamba hili la hekta 1.84 tu limo kijijini Le Mesnil-sur-Oger, nyumba zikiwa jirani, ndani ya ukuta uliosimama tangu 1698. Ukuta wa namna hiyo Kiswahili huuita kitalu. Leo wengi tunalijua neno hilo kwa vitalu vya miche na vya uwindaji, ila msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba katika Isaya 5 ukuta wa shamba la mizabibu ndio unaoitwa kitalu. Kwa hiyo andika "shamba moja la mizabibu lililo ndani ya kitalu", nawe utakuwa umelifasiri jina la shampeni yenyewe.

"Blanc de blancs" si maneno ya kurudiarudia. Maji ya zabibu nyeusi hayana rangi yakitenganishwa mapema na maganda, hivyo shampeni nyeupe yaweza kutokana na zabibu nyeusi za Pinot Noir au Meunier. Clos du Mesnil hutokana na Chardonnay peke yake, nayo ni zabibu nyeupe. "Shampeni nyeupe ya zabibu nyeupe tupu" itatosha, na hilo "tupu" usilikate, maana ndilo linalobeba habari.

"Adimu" liache lilivyo. Shamba haliwezi kupanuka nje ya kitalu chake, na kuna miaka ambayo shampeni hiyo haitolewi kabisa.