Kabla hujaenda kubeba boksi, achana na wastani wa mshahara

Wadogo zangu mnaonipigia kuniuliza "bro, hela iko wapi, Marekani au Uswidi?" leo nawajibu wote kwa mpigo, manake naona mnaangalia wastani tu. Wastani wa Marekani ni mkubwa kweli, ila we unaanzia chini, ghalani, kwenye usafi, jikoni, sasa mshahara wa daktari wa huko unakuhusu nini?

Angalia pengo. Wapange wanaume wote wa kazi za fultaimu kuanzia wa kipato cha chini mpaka cha juu, halafu chukua yule aliyewazidi 9 kati ya 10 na yule aliyemzidi 1 tu. Marekani wa juu anapata karibu mara 5 ya wa chini, Uswidi ni mara 2 na kidogo basi.

Na cha ajabu Uswidi haina kima cha chini kwenye sheria! Vyama vya wafanyakazi na waajiri wanakaa wanapanga mishahara ya sekta nzima kwa mikataba, na mikataba hiyo inawagusa karibu wafanyakazi 9 kati ya 10. Marekani kima cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009, majimbo kama California yameweka chao cha juu ila Texas ni hiyohiyo, na walio kwenye vyama ni kama 1 kati ya 10.

Nimebeba boksi kote kuwili. Houston tulikuwa watu wawili, paleti zilezile, shifti ileile, mwenzangu analipwa zaidi kwa sababu tu alijua kubageini siku ya kwanza, na ukiuliza bosi ananuna. Gothenburg, Uswidi, kwenye karatasi ya mshahara kuna mstari umeandikwa OB, hiyo ni nyongeza ya jioni na wikendi, wote tunaipata bila kubembeleza, na likizo ya kulipwa siku 25 kwa mwaka ni sheria, Marekani sheria ya hivyo ya nchi nzima hakuna. Kodi inauma, ila hospitali hulii.

Ukiwa injinia wa kompyuta mwenye uzoefu, nenda Marekani, wa juu analipwa vizuri zaidi kule na sitakudanganya.

Ila wewe wa ghalani mwenye makaratasi tayari, kabla hujasaini Uswidi uliza kampuni ina kollektivavtal, ndo ule mkataba wa chama. Zipo zisizo nao, na hapo hakuna sheria ya kima cha chini ya kukushikilia. Wakikujibu ndiyo, omba jina la chama kisha kipigie mwenyewe uhakikishe, Kiingereza wanaongea.