Bata wa babu, na mengine niliyojifunza nikiskani karatasi za zamani

Babu yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Alipostaafu alirudi nyumbani na taipureta, pamoja na tabia ya kuandika kila kitu: nani kazaliwa lini, nani kauza kiwanja, minazi iliyobaki ni mingapi. Ametuachia kurasa 140 hivi. Nilipojitolea kuziingiza kwenye kompyuta, ziwe maandishi na si picha tu, nilidhani ni kazi ya Jumamosi na Jumapili.

Kosa la kwanza, nilizipeleka steshenari. Kijana akazipanga kwenye mashine inayovuta karatasi yenyewe, na ya tatu ikatoka imekunjamana, pembe imechanika. Zile karatasi nyembamba za nakala ya kaboni hazitaki kuvutwa. Zilaze moja moja kwenye kioo, na kama zimeandikwa pande mbili, weka karatasi nyeusi mgongoni ili maandishi ya nyuma yasipenye. Ukali wa picha usikubali uwe chini ya nukta 300 kwa inchi. Faili nyepesi wanazokutengenezea ili ziende WhatsApp haraka, jicho linazisoma, lakini kompyuta hapo inabahatisha tu.

Huna skana, simu inatosha. Kurasa nyingi nilizipiga barazani asubuhi, flashi nimezima, simu nimeilaza sawa na karatasi. Ila jihadhari na ule mtindo wa programu za simu wa kugeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe tupu. Unapendeza kweli, na herufi zilizofifia unazifuta.

Picha za mwanzo nilizipakia Google Drive na kuzifungua kwa Google Docs, zikatoka maandishi. Baadaye nikahamia Tesseract, programu ya bure ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, iliyoanzia kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980. Kiswahili inakijua, lakini mpaka uiambie. Alama yake ni “swa”. Mimi sikuiambia. Ikamsoma babu kwa Kiingereza, na “na” zake kadhaa zikageuka “no”.

Makosa ya wazi hayanitishi. “Rnlima” na “nyurnba”, m imesomwa r na n, unayaona kwa mbali, unayabadilisha yote kwa mara moja. Yanayokuponyoka ni yale yaliyovaa vizuri. Taipureta ya babu ilikuwa chafu, miguu ya h imegandana kwa wino, hivyo “hata” ikasomwa “bata”. Kikagua tahajia hakikusema kitu. Bata si neno?

Aliyemkamata ni shangazi. Tulikaa wawili, yeye ameshika karatasi, mimi nasoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. Nikafika “bata mwaka ule hatukuvuna”.

“Wewe! Baba hakufuga bata maisha yake yote.”

Tangu siku ile hakuna ukurasa ninaouhesabu umekwisha kabla haujasomwa hivyo, watu wawili. Ni kazi ya kuchosha, na sijapata njia ya mkato ninayoiamini.

Tarakimu ndizo zilizonitoa jasho zaidi. Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Mchapaji aligonga l ndogo badala yake. Kwa hiyo 1961 inatoka “l96l”, na minazi 118 inatoka “ll8”. Huwezi kubadilisha kila l iwe 1, utaharibu kitabu kizima. Nilizipitia namba zote moja moja, karatasi ikiwa mkononi, maana hizo hesabu za minazi bado zina wenyewe, na wanaugua presha.

Picha usizifute baada ya kupata maandishi. Zangu ziko kwenye flashi mbili, moja iko kwa shangazi, na kila faili ina namba ya ukurasa wake.

Limebaki jambo moja. Pembeni mwa kurasa kadhaa babu aliandika kwa kalamu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mashine ilinirudishia mikwaju na nukta. Hayo ananisomea shangazi, miwani puani, nami nachapa kwa vidole viwili. Tumefika ukurasa wa 61, na ameanza kucheka peke yake bila kuniambia kwa nini.