Usinunue hicho kifurushi cha gemu, mimi nilishakinunua

Usinunue. Kama hela umeshaitoa mfukoni, irudishe.

Mwalimu wa Nachingwea, umesema una wanafunzi 26 wa kidato cha kwanza na kompyuta 8, na kuna jamaa anakuuzia gemu 12 zilizo tayari ili watoto wazikopi, wabadilishe picha na majina, kisha wazionyeshe siku ya mahafali. Umeuliza kama bei ni halali, uanze na Scratch (ile ya kupanga amri kwa bloku za picha) au Python (lugha ya kuandika amri kwa maandishi), na watoto uwagawe vipi kwenye mashine. Nimefika kwenye neno "wazikopi" nikaweka sahani chini.

Mimi nilikuwa na watoto 30 kwenye klabu ya kompyuta, shule moja hapa Mtwara Mjini. Jamaa mmoja wa namna hiyo alitukusanya walimu kwenye semina ya siku mbili akatuambia mtoto akianza na kitu kidogo anachoka haraka, kwa hiyo mpe gemu kubwa iliyokamilika, aikopi yote, akili itafunguka yenyewe ndani kwa ndani. Bei ya kifurushi 150,000. Nikawaita wazazi, kila mmoja akatoa 5,000. Huo ulikuwa mwezi wa sita, na wewe ni mtu wa Kusini, unajua mzazi wa huku mwezi wa sita ana nini mfukoni. Minada ya korosho bado iko mbali. Kuna mama alileta ile 5,000 kwa sarafu.

Tukaanza na gemu ya penalti, iliyoandikwa kwa Python, mistari zaidi ya 600. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtoto mmoja anagonga kibodi, mwingine anamsomea kutoka kwenye karatasi, "fungua mabano, nukta, funga mabano", wengine wawili wanatazama dirishani. Python inasoma nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Ukisukuma mstari mahali pasipotakiwa, programu inakataa, au inakubali halafu inafanya kitu kingine kabisa. Kwenye mistari 600 iliyogongwa na mtoto asiyejua anaandika nini, makosa ya namna hiyo hayahesabiki. Wiki mbili nzima tulitafuta nafasi moja iliyopotea.

Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo hasa nataka ulisome polepole. Mahafali yalikaribia, nikachoka, nikaanza kuzunguka na flashi. Meza ikikwama, nafuta faili la watoto, naweka la jamaa, gemu inawaka, watoto wanapiga makofi, nahamia meza nyingine. Nilifanya hivyo kwenye meza zote. Siku hizo nilijiona nawasaidia. Kumbe nilikuwa nawanyang'anya kazi yao mbele ya macho yao, na wao wakajifunza kwamba kompyuta ikikataa, dawa ni mwalimu mwenye flashi.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa. Projekta inafanya kazi, umeme upo, kila kitu sawa. Mama mmoja akaja mbele, akashika kibodi, akapigiwa penalti tano, zote zikapita. Akacheka, akamwambia mwanawe, "Baba, mpira wako una mbio mno. Hebu upunguze na mimi nidake hata mmoja."

Mtoto akanitazama. Nikaenda kwenye ile mashine. Mistari 600, na majina yote aliyaweka jamaa: sp, sp2, vx, tmpv. Nikabadilisha namba moja, golikipa akatoweka. Nikabadilisha nyingine, gemu ikafunga. Wazazi wakakaa kimya. Yule mama akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakukusudia kumuumiza mtu, "Kwa hiyo hii gemu mliinunua?"

Mtoto akainamisha kichwa. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Nikampigia jamaa simu jioni ile. Akanijibu kwamba maelezo ya namna ya kubadilisha gemu yamo kwenye kifurushi cha pili, 80,000. Mtu aliyesimama mbele ya walimu siku mbili akitufundisha jinsi ya kufundisha, alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba ametuuzia sanduku lisilo na ufunguo. Watu wa namna hii wanajua walimu wa mikoani hatuna wa kumuuliza, na wanakula hapo hapo. Huyo wako mwulize swali moja tu: mtoto akitaka mpira upunguze mwendo, anagusa mstari upi na kwa nini? Akianza kuzunguka, agana naye.

Januari iliyofuata klabu ilifunguliwa, wakarudi watoto 11 kati ya 30.

Kanuni yangu tangu siku hiyo ni moja na sijaivunja: mtoto hawi na mstari kwenye programu yake ambao hawezi kuubadilisha na kutabiri kitakachotokea. Kwa mdomo haitoshi. Ana daftari. Kabla ya kubonyeza ile bendera ya kijani inayoanzisha programu kwenye Scratch anaandika, "nikiweka 10 badala ya 5 itaanguka haraka mara mbili." Kisha anaendesha. Ikitokea tofauti na alivyoandika, hapo ndipo somo lilipo, na mimi mikono yangu iko mgongoni. Kibodi ya mtoto sigusi. Flashi iko kabatini.

Gemu yetu ya kwanza ikawa ya korosho. Bibo, tunda la mkorosho, linaanguka kutoka mtini na kikapu kinadaka chini. Wahusika wawili tu, na watoto waliwachora wenyewe. Uwanja wa Scratch una upana wa 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati, kwa hiyo juu kabisa ni 180 na chini kabisa ni -180. Bibo linaanzia 180, na kila mzunguko y, yaani kimo chake uwanjani, inabadilika kwa -5. Scratch inachora mara 30 kwa sekunde, mzunguko mmoja kila inapochora. Niliwaandikia hayo ubaoni nikawauliza: litafika ardhini, pale kwenye -150, baada ya muda gani? Wakahesabu: 330 gawanya kwa 5 ni mizunguko 66, yaani sekunde 2.2. Wakapima kwa saa ya simu yangu. Ilipokaribiana, darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia.

Mmoja akaweka 5 bila alama ya kutoa, bibo likaganda juu mtini. Sikumwambia kitu. Alikaa nalo dakika kumi, akaja mwenyewe kunieleza kwamba juu ni kuongeza na chini ni kupunguza. Walipozoea tukaweka kigezo cha kasi, yaani namba yenye jina ambayo programu inaibadilisha: inaanza na sifuri, kila mzunguko inapungua 1, halafu y inabadilika kwa hiyo kasi. Sasa bibo linaanza taratibu na kuongeza mwendo kama bibo la kweli, na linafika chini kwa mizunguko 26, haifiki hata sekunde. Hapo nimefundisha mvuto bila kufungua kitabu cha fizikia.

Kosa watakalolifanya wote: wataweka sharti la "kama limegusa kikapu" nje ya bloku ya kurudia daima. Kompyuta inauliza mara moja tu, mwanzoni kabisa, bibo likiwa bado juu, halafu haiulizi tena. Alama hazipandi na mtoto anaapa kompyuta ni mbovu. Mwache aape. Mwambie aisome programu kwa sauti, kuanzia juu, bloku moja moja.

Kisha binti mmoja, bibi yake ana mikorosho Tandahimba, akasimama akasema, "Mwalimu, korosho haidakwi. Inaanguka, tunaiokota." Ni kweli kabisa, na mimi nilikuwa sijafikiria. Akabadilisha mwenyewe: bibo likifika -150 linasimama, na kikapu akakifuta akaweka mtu anayetembea kuokota kabla muda haujaisha. Alijua aguse wapi kwa sababu kila bloku ilikuwa yake. Fananisha na yule mtoto wa penalti. Watoto wa shule moja, mwalimu mmoja.

Kabla ya mashine, watoe nje. Kina Seymour Papert, waliotengeneza lugha ya Logo kule Marekani mwaka 1967, walikuwa na kobe anayechora kwa amri, na mtoto alitakiwa ajifanye kobe kwa mwili wake. Mimi natumia uwanja wa shule. Mmoja ni kobe, mwenzake anaamuru: mbele hatua nne, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Kobe haruhusiwi kukisia. Nusu ya maswali ya kompyuta yanaishia hapo kwenye mchanga.

Anza na Scratch, Python ije baadaye. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaiweka, na unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili. Toleo la 3 linataka Windows 10 au zaidi. Kama zenu ni mashine kuukuu, tafuta toleo la 1.4, uwanja ni ule ule. Watoto watatu watatu kwa mashine, mashine mbili wanne wanne, na anayeshika kibodi abadilike kila dakika kumi.

Kwa hiyo mjibu huyo jamaa leo, kabla hujaita kikao cha wazazi. Na faili la gemu yangu ya korosho usiniombe, sitakutumia. Nitakutumia karatasi yenye maswali saba, ile ninayowapa watoto siku ya kwanza. Jaza wewe kwanza kwa mkono wako, kisha niandikie swali la nne limekupa jibu gani.