Hita ya maji ya 18 kW: waya wa fezi moja unaungua kila mara kwenye kontakta

Mkuu, kwa maelezo yako: hita ya maji ya hoteli, 18 kW, fezi tatu, elementi tatu zimefungwa staa (kila moja kati ya fezi yake na nukta moja ya pamoja). Waya wa L2, yaani fezi ya pili, unaungua palepale kwenye kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha hita. Kontakta imeshabadilishwa, tatizo limerudi, breka ya 32 A haijawahi kukata, na sasa fundi anataka kuweka ya 63. Mzuie. Breka haina kosa hapo.

Anza na hesabu: 18,000 ÷ (1.732 × 400) = 26 A kila fezi. Waya wa shaba wa 6 mm² wenye ganda la PVC, ndani ya bomba la ukutani, hubeba karibu 36 A hewa ikiwa nyuzi 30. Chumba cha hita kikifika nyuzi 45 unashuka hadi kama 28. Kwa mzigo wa kutwa hapo pamebana mno, bora 10 mm².

Lakini wembamba wa waya hauteui fezi moja. Kagua ganda: likiwa limelainika urefu mzima, waya ni mdogo au mzigo umezidi. Likiwa limeungua sentimita chache za mwisho huku L1 na L3 ziko safi, tatizo ni kiungo. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa 0.05 ohm tu, kwa 26 A, kinatoa wati 34 kwenye skrubu moja. Ni kama umeegesha pasi ya kuchomelea risasi pale na kuiacha mchana kutwa. Ampea hazibadiliki, kwa hiyo breka haina cha kuona.

Kipimo chake hufanyika umeme ukiwepo, kwa hiyo akifanye fundi mwenye leseni, glavu mkononi. Maji yawe ya baridi ili hita ivute mzigo wote. Klampu mita (inayopima ampea kwa kuzunguka waya) kwanza: fezi zote zikaribie 26 A. Ikisoma sifuri kwenye fezi moja, elementi yake imekufa au imekatika njiani, na kama nyutro imefungwa, sasa nayo inabeba 26 A. Kisha multimita, ncha moja kwenye shaba inayoingia kontakta na nyingine kwenye shaba inayotoka, fezi ileile. Anza na volti kubwa ndipo ushuke kwenye milivolti, maana thamostati ikikata ghafla utakutana na 230 V hapo. Linganisha fezi tatu. Mbili zikisoma milivolti 60 na L2 ikasoma 700, L2 inapoteza wati 18 kwenye nguzo hiyo, yaani njia yake ndani ya kontakta.

Marekebisho: zima, funga swichi kwa kufuli, hakiki kwa testa iliyojaribiwa kwanza kwenye umeme ulio hai. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaleta kontakta mpya halafu wanarudisha waya uleule. Shaba iliyoungua ni nyeusi, haishiki tena hata ukikaza vipi. Kata hadi ukute shaba inayong'aa, na kama waya haufiki, vuta mwingine. Bana lagi mpya (kiunganishi cha mwisho wa waya) kwa koleo lake, usitie risasi. Risasi hulegea chini ya skrubu. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kontakta. Na usome ampea za AC-1, ndizo za hita; za AC-3 ni za mota. Nyingi zenye 25 A za AC-3 hubeba 40 A za AC-1.

Upande wa elementi tumia spana mbili: moja ishike nati ya chini, nyingine ikaze ya juu. Ukikaza kwa moja, pini inazunguka na kukatika kwa ndani. Nyaya za chini ya kifuniko ziwe za silikoni, za kuhimili joto la nyuzi 180. PVC ya kawaida mwisho wake 70.

Kuhusu breka ya 63: siku mtu akifunga elementi hizo za 230 V kwa delta (kila moja kati ya fezi mbili, 400 V), hita itavuta 54 kW, yaani 78 A. Breka ya 63 inaweza kuibeba hiyo zaidi ya saa nzima bila kukata.

Ukifungua kifuniko ukakuta chumvi nyeupe kuzunguka pini, gasketi inavuja. Badilisha hiyo kwanza, vinginevyo lagi mpya itaoza.