Usiwatume ndugu wa mgombea kuulizia kura: yaliyotukuta Temeke 2014

Mkuu mleta mada, sitisha hilo zoezi la Jumamosi. Umeandika kwamba mjomba wako, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, anautaka udiwani kwenye kata ambayo watu wa asili yake ni wachache, na kwamba mtapima upepo kwa kutuma binamu zako sita nyumba kwa nyumba, wamevaa tisheti zenye picha yake. Kisha unauliza kama wapiga kura huwa wanadanganya kwenye mambo haya, gharama ni kiasi gani, na kama kupiga simu kunatosha. Watadanganya, na mtakaowafundisha kudanganya ni nyie wenyewe. Nilipofika kwenye tisheti niliacha chai mezani nikaanza kuandika.

Mwaka 2014, uchaguzi wa serikali za mitaa ule wa Desemba 14, nilikuwa naratibu kampeni ya dada mmoja aliyegombea uenyekiti wa mtaa huku Temeke. Fundi cherehani, anaijua kila nyumba, kesi za wapangaji na wenye nyumba alikuwa anazimaliza miaka mingi kabla hajawaza kugombea. Ana ualbino. Miaka minne nyuma Salum Barwany alikuwa ameshinda ubunge wa Lindi Mjini, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi jimboni, kwa hiyo hatukujiona tunaota.

Tukaajiri mtu aliyejiita mtaalamu wa tafiti. Tulimlipa laki mbili na nusu. Akatuambia hivi: mkihoji watu zaidi ya mia mbili, uongo wa huyu unafutana na uongo wa yule. Hiyo kauli inaniuma mpaka leo, kwa sababu aliitamka kwa kujiamini mbele ya watu waliochangishana hela. Uongo unafutana pale tu kila mtu anapodanganya kuelekea upande wake. Kwetu wote waliinamia upande mmoja, upande wa heshima. Mizani iliyopinda huwezi kuiponya kwa kupima gunia la pili. Ungehoji elfu mbili ungepata jibu lilelile, na ungeliamini zaidi.

Wadadisi walikuwa watano. Wanne ni wa kwake: mdogo wake wa kike, shangazi yake, na wenzake wawili wenye ualbino waliojitolea kwa moyo kabisa. Wa tano ni msichana kutoka Kigamboni, hamjui mtu yeyote pale mtaani, alikuja kwa ajili ya posho ya siku. Wale wanne walirudi na madodoso 169, na ndani yake watu 118 walisema watampigia dada. Msichana wa Kigamboni alirudi na 41. Waliosema ndiyo ni 14.

Mtaalamu akayatazama ya msichana akasema haya yamepotoka, huyu binti hajui kuongea na watu, yatoeni yasituharibie wastani. Nikayatoa. Niliyafunga kwa rababendi nikayaweka kwenye droo, kwa mkono wangu. Mengine yote tuliyoyakosea kwenye kampeni ile ningeweza kuyasahau, hili hapana.

Baada ya hapo hesabu ikasoma asilimia 70, na asilimia 70 inalewesha. Tulikuwa tumepanga siku nne za mwisho dada apite mwenyewe nyumba za bondeni, kule kwenye wapangaji wengi, akae kwenye vigenge na kina mama, awasikilize. Tukafuta ratiba yote. Laki sita zilizobaki zikaenda kwenye spika, turubai na pilau. Kumbuka kwamba kufika hapo dada alikuwa ameshauza cherehani yake ya pili.

Kura zikahesabiwa. Alipata theluthi na ushei. Siku ya tatu nikafungua droo: 14 kwenye 41. Theluthi na ushei. Najua 41 ni watu wachache na huenda kufanana kule kulikuwa bahati. Lakini tofauti kati ya mlango aliogonga mdogo wake na mlango aliogonga mgeni ilikuwa kubwa mno, na nilikuwa nimeishika mkononi wiki mbili kabla.

Nikarudi kwa mama ntilie mmoja aliyekuwa kwenye wale 118. Nikamwamkia, nikamuuliza bila kuzunguka. Akaniambia, "Mwanangu, umemleta mdogo wake mlangoni kwangu, kashika kalamu, ananitazama usoni. Ulitaka nimjibu nini?" Hakuwa na chuki hata chembe, sare za wanawe zilishonwa na dada. Aliogopa. Mwenyekiti huamshwa usiku wa manane, kuna mwizi kakamatwa, kuna ugomvi, aende mpaka polisi. Na miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wanawindwa na kukatwa viungo. "Angepatwa na jambo usiku kwa sababu sisi tumempa hicho cheo, ningelala vipi?"

Hofu ile ilikuwa na jibu. Tungesimama na vijana wa ulinzi shirikishi, tukasema hadharani usiku nani atatoka na nani atamsindikiza. Hatukuigusa kwa sababu hatukuijua, na hatukuijua kwa sababu mama yule alimwonea haya mdogo wa mgombea. Namba tuliipoteza, lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa kuikosa sababu.

Ile "athari ya Bradley" uliyoitaja, yaani wapiga kura kumwambia mdadisi kwamba watampigia mgombea mweusi kisha wasimpigie, ni kweli ilianzia Marekani, 1982. Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aligombea ugavana wa California, tafiti zikamweka mbele, akashindwa na George Deukmejian kwa kura zisizofika laki moja kati ya zaidi ya milioni saba na nusu. Wapo wanaosema kilichozizidi tafiti ni kura za posta, wala si uongo wa wapiga kura. Mwaka 1989 Douglas Wilder, mweusi pia, aliingia siku ya kura Virginia akiongoza kwa pointi nyingi, akashinda ugavana kwa pengo lisilofika kura 7,000. Na hapo Virginia ndipo somo lako lilipo: watafiti walikuta Wazungu waliohojiwa na mdadisi mweusi walisema kwa wingi zaidi wanamuunga mkono Wilder kuliko Wazungu waliohojiwa na Mzungu mwenzao. Swali moja, mgombea mmoja, aliyebadilika ni muulizaji.

Usije ukasikiliza wale wanaokushauri upunguze pointi kumi kwenye namba ya mjomba. Pengo hilo Marekani lilififia kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2008 tafiti za mwisho za urais zilimweka Obama karibu kabisa na pale alipoishia. Kila mahali na kila wakati una pengo lake. Huwezi kuliazima kutoka California ukalibandika kwenye kata ya mjomba.

Kanuni yangu ni moja na naisimamia: anayeuliza asiwe wa mgombea. Asifanane naye, asiwe ndugu yake, asivae picha yake, asijue hata nani kamlipa. Swali lenyewe la kura usilitake kwa mdomo. Mpe mtu karatasi yenye majina yote, ageuke, aweke alama, aikunje, aitumbukize mwenyewe kwenye kisanduku. Kisha muulize majirani zake wana wasiwasi gani na kila mgombea. Mtu atakuficha la kwake, la jirani atakupa lote, na humo humo la kwake litakuwemo.

Jumamosi binamu zako wape kazi ya kubandika picha. Dodoso tafutia vijana wa mbali, hata wanne wanatosha kuanzia. Na akirudi mmoja na majibu yanayowaudhi nyote, usimwite mzembe. Kaa naye chini, mpe maji, mwambie akusimulie mlango mmoja mmoja.

Yale madodoso 41 bado ninayo. Rababendi ilishaoza, nimeyafunga kwa uzi. Nitumie ujumbe nikupigie picha ya machache, nikishafunika majina, uone watu wanavyoandikisha majibu yao wakiulizwa na mtu asiyewahusu.